Vitu saba kwa senti 87: kuponi inapopunguza bei, nani analipa?

"Shikamoo dada. Ninaishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto watatu, wa mwisho ana miezi minane. Jirani yangu kila wiki hutoka duka la dawa na mifuko ya sabuni, dawa ya meno na shampuu, na anasema vingi anavipata bure kwa kuunganisha kuponi, ofa ya wiki na pesa ya kurudishiwa kwenye simu. Jumapili iliyopita tulikwenda pamoja. Nilichukua vitu saba, bei zilezile na zake. Yeye alilipa senti 87. Mimi nililipa dola 31 na senti 40. Keshia alikataa kuponi zangu tatu za karatasi, akasema tayari nimezibofya kwenye apu ya duka. Kuponi ya shampuu ya dola 4 mashine iliigomea. Risiti ilikuwa ndefu kama mkanda, mwisho wake imeandikwa kitu cha dola 10, sikukielewa, nikaitupa kwenye pipa la taka nje kwa hasira. Mume wangu anasema hii ni dhuluma, kuchukua mali ya mwenye duka bila kulipa. Halafu kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza kuponi za pampasi, unachapisha mwenyewe nyumbani, boksi zima bure. Nataka pia kumjazia mama sanduku la kupeleka Tanga. Je, vitu vya bure vipo kweli? Na mimi nilikosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo nadhani itakutuliza. Vitu vya bure vipo. Lakini jirani yako hakulipa senti 87. Kwa hesabu yangu alilipa kama dola 17 na nusu, na wewe ulikuwa hatua mbili tu nyuma yake. Nitakuonyesha.

Kabla ya kazi hii ya kushauri familia juu ya matumizi ya nyumbani, nilisimama kaunta ya duka la dawa hapa Marekani kwa miaka minne. Kuponi, yaani zile hati za punguzo la bei, za karatasi au za kwenye simu, nimezipokea kwa maelfu, na akina mama waliofika na orodha ya kunakili kwa jirani, wakaondoka wamelipa mara kumi ya walivyotarajia, nimewaona wengi. Wengi wao hawakuwa wamezembea. Hakuna aliyekuwa amewaeleza fedha inatoka wapi.

Basi tuanze hapo: nani analipa? Ukifika kaunta na dawa ya meno, ipo mifuko mitatu inayoweza kukuchangia. Wa kwanza ni wa kampuni iliyoitengeneza. Wa pili ni wa duka. Wa tatu mara nyingi ni wa kampuni tena, ila unapitia apu ya marejesho kama Ibotta au Fetch, baada ya wewe kulipa na kupiga picha risiti. Mifuko hii haina mlinzi mmoja. Kampuni hutoa kuponi zake kwa ratiba yake, duka hupanga ofa za wiki kwa ratiba yake, na apu nayo kivyake. Wiki ambayo yote mitatu imefunguka juu ya kitu kimoja, bei ya kitu hicho inashuka hadi sifuri au karibu yake. Jirani yako kazi yake ni kuiwinda wiki hiyo.

Kuponi ya kiwanda utaitambua kwa maneno "manufacturer coupon" yaliyo juu kabisa. Ikiwa ya karatasi, soma na yale maandishi madogo kama sisimizi. Utakuta kampuni inaliahidi duka kulirudishia thamani yote ya kuponi, na mara nyingi senti 8 juu yake kwa ajili ya usumbufu. Sisi kaunta kuponi hizo tuliziweka kwenye droo moja na noti. Jioni zilihesabiwa kama fedha, zikafungwa kwenye bahasha na kupelekwa kwa wakala anayezichambua na kuzidai kila kampuni. Zile za kwenye simu huishia hukohuko, ila hesabu hufanywa na kompyuta. Kwa hiyo ukimpa keshia kuponi halali ya dola 2, umempa dola 2. Si zako, ni za kampuni, lakini ni dola 2.

Kampuni haifanyi hisani. Sabuni ileile ingependa kumuuzia kwa dola 6 mtu asiyeangalia bei, na kukuuzia wewe unayehesabu kila senti kwa dola 3, maana vinginevyo usingeinunua kabisa. Rafuni haiwezi kubandika bei mbili. Kuponi inafanya kazi hiyo kwa niaba yake: mwenye haraka haitafuti, mwenye kuhitaji anaitafuta, na kila mmoja analipa bei yake. Tena kuponi inamshawishi mtu aonje kitu kipya. Mwishoni mwa miaka ya 1880 huko Atlanta, Asa Candler aligawa tiketi za glasi ya bure ya Coca-Cola kwa watu ambao kinywaji chenyewe hawakukijua, na hao wakarudi wenyewe na senti zao. Apu ya marejesho ina lengo lake jingine: inataka kujua ulinunua nini, duka gani, siku gani. Picha ya risiti yako ni bidhaa kwao. Ulijue hilo kabla hujaipakua, kisha uamue.

Hapa pia ndipo utakapoelewa kwa nini vitu vya bure ni vilevile kila mwaka: dawa ya meno, miswaki, uzi wa meno, shampuu, nyembe, sabuni ya mwili. Ni vitu ambavyo kampuni nyingi zinagombania mteja, na ukishaizoea moja unaweza kukaa nayo miaka. Mchele, unga, maharage, nyama, maziwa, hivyo usivitegemee. Anayekwambia ameacha kulipia chakula kwa sababu ya kuponi anakuonyesha risiti moja ya wiki moja.

Sasa tuchukue dawa ya meno moja tuifuate mpaka mwisho. Rafuni ni dola 5 na senti 49. Wiki hii duka linaiuza dola 4. Una kuponi ya kiwanda ya dola 2 na kuponi ya duka ya dola 1. Kaunta unabakiwa na dola 1. Ibotta inakurudishia dola 1. Sifuri, sivyo? Bado kodi. Katika majimbo mengi kuponi ya duka hupunguza kiasi kinachotozwa kodi, kwa sababu ni duka lenyewe limeshusha bei, lakini kuponi ya kiwanda haipunguzi, kwa sababu duka linalipwa zile dola 2 kama kawaida. Kwa hiyo kodi itahesabiwa juu ya dola 3. Tuseme ni asilimia 8, hizo ni senti 24. Mfukoni unatoa dola 1 na senti 24, na siku zikipita unarudishiwa dola 1. Dawa yako ya bure imekugharimu senti 24 na subira. Ni bei nzuri sana, sikatai. Ila ukichukua ishirini za namna hiyo umeshatoa karibu dola 25 taslimu kabla hujaona hata senti ya kurudi, na kwa familia inayosubiri mshahara wa Ijumaa hilo si dogo.

Turudi kwenye risiti yako.

Kuponi tatu alizokataa keshia: hapo hukupoteza kitu, na jirani yako naye asingekubaliwa. Kosa hili nimelikuta kwa karibu kila anayeanza. Watu hudhani kuponi ya karatasi na kuponi ya kwenye simu ni aina mbili, basi zinaunganishwa. Aina haitokani na karatasi wala simu, inatokana na anayelipa. Fungua apu ya duka, bofya kuponi yoyote, usome: nyingi zimeandikwa kwamba ni za kiwanda. Kampuni inakubali kulipa mara moja kwa kitu kimoja. Ukishaibofya ya simu, ile ya gazeti la Jumapili haiwezi kukaa juu ya chupa ileile. Inayoweza kukaa pamoja nayo ni kuponi ya duka, pale ambapo duka linaruhusu. Kiwanda moja, duka moja, kisha marejesho. Hiyo ndiyo ngazi, na haina kipandio cha nne.

Kuponi ya shampuu: soma maneno, usiangalie picha. Picha kwenye kuponi huwa ni ya chupa ya gharama kubwa au ya bidhaa mpya, na maneno chini yake ndiyo yanayotawala: aina gani, ujazo gani, chupa ngapi, ipi haihusiki. Mistari ya bakodi imebeba masharti hayohayo, ndiyo maana mashine ikagoma. Naamini ulichukua shampuu ya kampuni ileile lakini aina nyingine. Hapo ulipoteza dola 4 za kweli.

Toa senti 87 kwenye dola 31 na senti 40, unapata tofauti ya dola 30 na senti 53. Toa dola 4 za shampuu. Zinabaki dola 26 na senti 53. Hizi zilikwenda wapi?

Jirani yako alizilipa. Alizilipa kwa pesa za duka. Maduka ya dawa kama CVS na Walgreens yana utaratibu wa kumpa mteja kiasi fulani cha kutumia safari ijayo akinunua bidhaa zilizotajwa: nunua za dola 20, pata dola 5. Huyo mwenzako amekuwa akizikusanya wiki baada ya wiki, na siku ile alizitoa. Muulize, naamini atakwambia. Na ile karatasi ya dola 10 chini ya risiti yako, mdogo wangu, ndiyo yenyewe. Uliitupa pesa.

Hebu tupige upya. Yeye: senti 87 taslimu, na dola 26 na senti 53 za pesa za duka, jumla dola 27 na senti 40. Akapewa karatasi ya dola 10 kama yako. Gharama yake halisi ni dola 17 na senti 40. Wewe: dola 31 na senti 40, toa dola 4 ambazo ungezipata kwa kuchukua shampuu sahihi, toa dola 10 za karatasi. Dola 17 na senti 40. Kodi inaweza kuzisogeza senti chache huku au kule, lakini ndiyo picha. Vitu saba kwa dola 17 ni ununuzi mzuri wa kawaida. Haukuwa muujiza kwake, na kwako haukuwa maafa.

Nakaa sana hapa kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Pesa za duka zinahesabiwa kama fedha na mtu anayezipata, halafu zinahesabiwa kama si kitu na mtu huyohuyo anapozitumia. Dola 5 za duka ni dola 5 pale tu unapozinunulia kitu ambacho ungekinunua kwa fedha yako. Zina tarehe ya mwisho, mara nyingi wiki chache tu. Ukilazimika kurudi dukani kuzikimbiza zisife, ukanunua na losheni usiyoihitaji, duka limepata lilichokitaka. Tena angalia sharti lake: ile dola 20 ya kufikisha, maduka mengine huihesabu kabla ya kuponi, mengine baada. Tofauti ya neno moja tu itakunyima zawadi yote.

Neno jingine la kulijua ni "per purchase". Kuponi ikisema moja kwa "purchase", maana yake ni moja kwa kila kitu unachonunua. Dawa za meno nne, kuponi nne, sawa. Ikisema moja kwa "transaction", ni moja kwa risiti nzima. Nyingine zinaongeza ukomo, kwa mfano zisizidi nne za aina moja kwa safari moja. Hata makeshia wapya huchanganya hapa, na siku keshia akikosea, usigombane naye. Mwombe kwa upole amwite msimamizi, na uwe na sera ya kuponi ya duka hilo kwenye simu yako. Maduka makubwa yote yana sera iliyoandikwa. Mimi nilipokuwa kaunta, mteja aliyenionyesha sera nilimheshimu, na aliyenipigia kelele nilimkumbuka kwa sababu nyingine.

Sasa neno la mumeo. Naliheshimu, na ninafurahi kuna nyumba ambayo swali hili linaulizwa. Mwambie hivi: kwa kuponi halali, mwenye duka hakudhulumiwa. Kampuni inamlipa, ofa ameipanga mwenyewe, na ile karatasi ya dola 10 aliitoa kwa hiari ili urudi. Dhuluma ipo, lakini iko mahali pengine. Iko kwenye kuponi ya sabuni ya chupa kubwa kuipenyeza kwenye chupa ndogo kwa sababu mashine imesinzia. Iko kwenye kutoa nakala ya kuponi uliyochapisha, ambayo kila moja ina namba yake. Iko kwenye kufungua akaunti tano za duka kwa nyumba moja. Hizo kampuni ikizigundua hailipi, na hasara inabaki kwa duka. Undani wa halali na haramu mpelekeeni sheikh au mchungaji wenu ana kwa ana. Mimi ninaweza kuwaonyesha fedha inakopita, basi.

Na kuponi za pampasi za WhatsApp: usinunue. Usichapishe hata ukipewa. Kampuni hutoa kuponi za kitu kizima bure mara chache sana, kwa kawaida kwa barua kwa mteja aliyelalamika au kwa tukio maalumu, na hazisambazwi kwenye makundi ili kila mtu achapishe. Kuponi nyingi zenyewe zimeandikwa kwamba zikiuzwa au kuhamishwa hazifai tena. Mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach, jimbo la Virginia, alihukumiwa miaka 12 jela kwa kutengeneza kuponi bandia na kuwauzia watu mtandaoni. Hasara iliyotajwa mahakamani ilipita dola milioni 31. Waliokuwa wakinunua kwake wengi waliamini wanabana matumizi tu. Lipo shirika la viwanda, Coupon Information Corporation, linaloorodhesha kuponi bandia zinazojulikana, na maduka yanaiangalia orodha hiyo. Na kama wewe au mumeo karatasi zenu za uhamiaji bado ziko njiani, kosa lolote linalohusu udanganyifu ni jambo zito kuliko boksi la pampasi. Ikiwa umeshazitumia kuponi za namna hiyo, acha leo, na kama kuna barua au simu imekuja kutoka dukani au polisi, tafuta wakili kabla ya kujibu chochote. Ofisi za msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo zipo, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Pampasi zenyewe unazihitaji, hilo naliona. Piga 211, namba ya bure inayoelekeza watu kwenye misaada ya mtaani kwao, uulize kuhusu benki ya pampasi, yaani mahali panapogawa pampasi bure kwa familia zenye uhitaji. Waambie unazungumza Kiswahili. Kama mnapata SNAP, ule msaada wa serikali wa chakula unaotolewa kwa kadi, unajua kadi ile hainunui pampasi, sabuni wala karatasi za chooni, na ndiyo sababu siwakatazi akina mama kuponi: zinafika pale ambapo kadi haifiki. Ila kwa mtoto wa miezi minane usirundike pampasi za saizi moja. Nimeona boksi sita za saizi ya tatu zikigawiwa majirani kwa sababu mtoto alinenepa.

Je, kazi hii inalipa? Inategemea unaifanyaje. Mama anayetumia saa sita kwa wiki kukata, kubofya, kuendesha gari maduka manne na kusimama foleni ili aokoe dola 30, amejiajiri kwa dola 5 kwa saa, kabla ya mafuta ya gari. Kama kazini saa moja ya ziada inakupa dola 17 na watoto wana mtu wa kuwaangalia, saa ya ziada inashinda. Kama huna saa za ziada, au unafanya hivi ukiwa umelaza mtoto na simu iko mkononi hata hivyo, hesabu inageuka. Kwa wengi ninaowashauri, penye faida ni katikati: duka moja, mara moja kwa wiki, dakika 40 za kupanga, vitu vitano au sita ambavyo nyumba inavitumia kweli.

Kwa mwanzo ningekushauri uache duka la dawa kwa muda, lina masharti mengi. Jaribu Dollar General siku ya Jumamosi. Kwa miaka mingi wamekuwa na kuponi ya simu ya dola 5 kwa manunuzi ya dola 25, na dola 25 hizo huhesabiwa kabla ya kuponi za kiwanda. Ukifikisha 25 kwa sabuni na karatasi za chooni, ukabofya na kuponi za kiwanda za dola 7 kwenye apu yao, unatoka na dola 13 na kodi. Hakuna karatasi ya kutupa, hakuna pesa za duka za kukimbiza. Kroger nao wana kuponi nyingi kwenye apu yao. Bofya kabla hujatoka nyumbani, maana intaneti ndani ya duka mara nyingi inasumbua.

Na kabla ya yote hayo linganisha na sabuni ya chapa ya duka. Aldi hawapokei kuponi za kiwanda kabisa, lakini mara nyingi bei yao ya kawaida iko chini ya bei ya sabuni yenye jina baada ya kuponi. Dola 2 bila kusumbuka ni bora kuliko dola 3 baada ya nusu saa. Mimi mwenyewe nyumbani sabuni ya vyombo na karatasi za chooni nanunua za chapa ya duka, kuponi nazihifadhi kwa dawa ya meno, nyembe na shampuu.

Kwenye marejesho, yaani zile apu, kuna mambo matatu yanayowaangusha watu. Ibotta inataka uchague ofa kwanza ndipo ununue. Ukirudi na risiti kwa ofa ambayo hukuichagua, utahangaika. Picha ya risiti ionyeshe jina la duka, tarehe na jumla, siyo kipande tu. Na pesa haitoki mpaka ifike kiwango chao, dola 20 kwa Ibotta. Fetch wao wanatoa pointi unazobadilisha kwa kadi za zawadi. Mpaka zikufikie mkononi, usiziingize kwenye bajeti. Na kama unalipia manunuzi haya kwa kadi ya mkopo ambayo huimalizi mwisho wa mwezi, simama. Riba itakula marejesho yote na kuponi juu yake.

Akiba ya nyumbani ikutoshe mpaka ofa irudi. Kwa uzoefu wangu bei nzuri ya kitu hurudi kila baada ya wiki 6 hadi 12, basi miezi mitatu inatosha. Dawa ya meno ina tarehe ya mwisho, dawa za homa na maziwa ya mtoto ndiyo kabisa. Ukiona umeanza kununua kwa sababu ni bure na si kwa sababu unahitaji, unaficha mifuko mumeo asiione, au moyo unakudunda ofa ikikupita, hilo halitatuliwi na hesabu. Mwambie daktari wako, au mtu unayemwamini. Na kama nyuma ya kuponi kuna madeni yanayokunyima usingizi, nenda ukaonane na mshauri wa mikopo wa shirika lisilo la faida. Usimfuate anayekuahidi kufuta deni kwa ada ya mbele.

Sanduku la mama. Hakuna ubaya kumpelekea zawadi, ila maduka na kampuni hazitaki bidhaa za kuponi ziuzwe tena, kwa hiyo iwe ni ya kwake na ndugu. Chagua vyepesi: miswaki, nyembe, dawa ya meno. Sabuni ya maji ya kufulia iache. Sehemu kubwa yake ni maji, utalipia nauli ya maji kutoka Ohio mpaka Tanga, yavuje njiani yaharibu na kanga. Uliza kampuni ya kusafirisha gharama kwa sanduku zima, gawanya kwa idadi ya vitu, ulinganishe na bei ya dukani Tanga. Mara nyingi mama atafurahi zaidi ukimtumia ile nauli kwenye simu yake akanunua sabuni anayoipenda mwenyewe.

Leo jioni, watoto wakilala, fungua apu ya lile duka la dawa, uingie kwenye akaunti yako uliyoitumia Jumapili. Maduka mengi pesa za duka huziweka na humo, hata kama karatasi imepotea. Ukizikuta dola 10, angalia tarehe yake, kisha andika vitu viwili ambavyo nyumba itaviishiwa mwezi huu, uvinunue hivyo tu. Usipozikuta, piga simu dukani au nenda kaunta na kadi uliyolipia, uwaombe wakutafutie risiti. Unaweza kwenda nayo na ile shampuu. Kama hujaifungua, waulize kama wanaweza kukubadilishia kwa ile ambayo kuponi yako inaitaja, kabla kuponi haijaisha muda.